Kompyuta Isiyo na Kifuniko

Watu wakisikia kwamba mimi na mdogo wangu tuliunda kompyuta na mama yetu, wananiuliza tulijifunza nini. Wanauliza huku jibu wanalo tayari mdomoni: subira, ushirikiano, kupenda sayansi. Subira gani? Mama yangu hakuwa na subira hata ya kungoja chai ipoe. Nitawaambia tulichojifunza, ila si kitu cha kubandika ukutani shuleni.

Sisi ni watu wa El Alto, mji wa milimani, upande wa juu kabisa, ambako upepo unapenya hata tundu la ufunguo. Mama anaitwa Saturnina Huallpa, mshonaji wa sketi pana za marinda wanazovaa wanawake wetu. Baba alikwenda Buenos Aires kushona majaketi, akapiga simu mwaka mmoja, kisha akanyamaza kimya. Tukabaki wanawake watatu: mama, mimi Delmira niliyekuwa na miaka kumi na miwili, na Yovana wa miaka minane, mwenye mdomo usio na breki.

Januari tulikwenda Alasitas, kwenye soko la vitu vidogo. Pale unanunua kijumba au kigari cha kukaa kiganjani, unakifanyia baraka kwa moshi, halafu unakaa mwaka mzima ukingoja kikujie kikubwa chake. Mama alinunua kompyuta ya karatasi ngumu, saizi ya kiberiti.

"Sasa tunangoja?" Yovana akauliza.

"Angoje nani? Nimemngoja baba yenu, inatosha."

Alhamisi iliyofuata akatuburuta mpaka soko la mitumba la Julai 16, ambako vitu vinatandazwa chini mpaka macho yanachoka: milango, injini, meno ya bandia. Akachagua kipande cha kijani kilichojaa vijidude na vumbi. Muuzaji akasema kinaitwa bodi mama, kwa kuwa vingine vyote vinachomekwa kwake.

Mama akacheka mpaka kofia ikamteleza. "Basi huyu namjua! Hata mimi wote wananining'inia. Niongezee na hiyo feni, kaka, usiwe mchoyo, mama hatembei bila feni."

Akaongezewa feni. Siku nyingine za soko tukaleta kasha la bati lisilo na kifuniko, vijiti vya kumbukumbu, diski, kisanduku cha umeme, na skrini nene iliyotushinda kubeba tukaikodia mkokoteni. Vyote vikapangwa kwenye meza ya cherehani. Mama akashika kiuno, akavitazama, akasema neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwa mtu mzima.

"Sijui."

Nikamtazama. Akarudia kabisa, bila aibu. "Sijui hiki kinaingia wapi. Delmira, wewe unajua?"

"Sijui, mama."

"Yovana?"

"Mimi ndiyo sijui kuliko wote!"

"Vizuri. Basi tuko sawa. Leteni bisibisi."

Niliogopa. Mtoto akimwona mamake hajui, anahisi kama nyumba imeondolewa ukuta mmoja. Halafu nikagundua kwamba nafurahi, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa nimekaa meza moja na mama, si nyuma yake nikimshikia uzi. Tulikosea pamoja. Tulichomeka waya kinyume, tukachomoa, tukagombana. Binamu wa muuzaji akatuonyesha mambo mawili matatu, mengine tukayatafuta kwa vidole. Tukajua kwamba bodi ina sauti yake. Ikilia mara moja, kwa kifupi, maana yake vitu vyote viko mahali pake. Ikilia kwa kirefu, vijiti vya kumbukumbu havijakaa. Ikinyamaza, chomoa kila kitu uanze na vichache. Sheria ya mama ilikuwa moja tu: hakuna kusema imekufa kabla ya kutazama ndani. Yovana alikuwa na tabia ya kulia "imekufa!" kila mara, na kila mara alipigwa kikofi cha mkono.

Tulimwambia mama atafute kifuniko cha kasha. Akakataa. "Kinachofunikwa ni chungu. Hii nataka niione tumbo."

Basi ikafika Kanivali, na Jumanne ya Kanivali kwetu hakuna kitu kinachobaki bila challa. Nyumba, gari, cherehani, kila ulichonacho unakifunga karatasi ndefu za rangi, unakirushia vipande vidogo vya karatasi, unakimwagia bia kidogo, na Pachamama, mama wa ardhi, anapata sehemu yake chini. Mwaka ule vipande vya karatasi viliisha madukani mapema. Doña Hortensia, jirani yetu mwenye duka la kona, mwanamke asiyekubali kupitwa na biashara, akachukua kalenda kuukuu na mashine ya kutobolea makaratasi, akatoboa usiku kucha na kutuuzia. Ndiyo maana mwaka ule mtaa mzima ulitembea na tarehe kichwani. Mimi nilitoa nane na kumi na tisa kwenye nywele zangu. Yovana alitoa nusu ya Desemba sikioni.

Mama akafanya challa ya cherehani vizuri. Akafanya ya mlango. Kisha akageukia kompyuta, akarusha karatasi, akasema, "Uishi sana, ufanye kazi, usituaibishe," na akainamisha chupa.

"Mama! Haina kifuniko!" nikapiga kelele.

Bia ilikwishaingia. Povu likapanda juu ya bodi mama kama maziwa yanayochemka. Ilikuwa imezimwa, nashukuru, lakini tulipoiwasha kesho yake ilinyamaza jii. Mama akakaa kitandani, kofia mapajani.

"Nimeiua mwenyewe," akasema.

Yovana akamkaribia, akampiga kikofi cha mkono. "Tumetazama ndani?"

Hapo nilimpenda mdogo wangu kuliko siku zote. Tukafungua kila kitu. Tukasugua bodi kwa mswaki na spiriti, tukaianika nyuma ya dirisha kwenye jua letu kali la juu. Chini ya kile chuma cha kupozea joto, pale feni inapokaa, palibaki vipande viwili vya karatasi vilivyogandishwa na bia, mswaki haukuvifikia. Kimoja kilikuwa cheupe, kina namba saba nyekundu, nzima. Nikachukua sindano nivitoe, mama akanishika mkono. "Viache. Hivyo ni vya Pachamama. Amekunywa, aachiwe na nguo." Tukakusanya vitu, tukabonyeza. Ikalia mara moja, kwa kifupi. Tulipiga kelele mpaka Doña Hortensia akagonga ukuta.

Sasa sikilizeni. Mwezi wa Mei shule yetu ililetewa kompyuta mpya na wakubwa wa mjini. Zilikuja kwenye maboksi yaliyofungwa, zikapigiwa hotuba, zikafunikwa nailoni, zikatiwa chumba chenye nondo dirishani. Sisi wanafunzi tulipangwa mstari tuzitazame kupitia nondo. Mwalimu mkuu, Don Abdón, akatuambia zinaharibika kwa vidole. Yovana akamuuliza kama zinafanyiwa kazi kwa miguu. Akapigishwa magoti.

Na Agosti zikaibwa. Nondo zilikatwa, nailoni ikaachwa sakafuni.

Kwetu mwizi si mchezo. Kwenye nguzo ya kona, kama kona zote za El Alto, anatundikwa sanamu wa suruali na majani makavu, kamba shingoni, na maandishi kifuani: mwizi tukimshika tunamchoma. Na maandishi yale hayakuandikwa kwa mzaha. Watu walikuwa na hasira, na hasira inatafuta mahali pa kutua. Mlango wetu ndio ulioonekana, mlango wa wanawake watatu wasio na mwanamume, wenye skrini inayowaka bluu dirishani jioni. Doña Hortensia ndiye aliyelitamka kwanza, dukani kwake, huku akipima sukari.

"Mshona sketi na kompyuta wapi na wapi? Eti ameiunda! Mimi mwenyewe siwezi kuunda hata mtoto mwenye adabu, yeye aunde kompyuta?"

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, wakaanza kuliamini. Siku mbili baadaye mwenyekiti wa mtaa, Don Gumercindo, alipita barabara nzima na kipaza sauti chake cha mkononi, kile cha kutangazia maji yakikatika. "Majirani! Jumamosi asubuhi mkutano uwanja wa shule! Kuhusu wizi! Mama Saturnina Huallpa afike na ile mashine aliyonayo! Afike mwenyewe, asije akafuatwa!" Alilirudia jina la mama kila baada ya nyumba tatu.

Asubuhi ya Ijumaa sanamu wa kona alikuwa amebadilishwa. Suruali imeondoka. Amevishwa sketi ya marinda na shali.

Yovana akaanza kulia. Mimi nilishindwa hata kulia. Mama akasimama chini ya nguzo, akamtazama yule sanamu kwa muda mrefu, kutoka juu hadi chini, kama anavyomtazama mteja.

"Marinda haya," akasema kwa sauti, watu wasikie, "yameshonwa na nani? Haya si marinda, ni makunyanzi."

Akarudi nyumbani, akaleta ngazi, akapanda, akamvua sanamu sketi. Hakuna aliyethubutu kumgusa. Akaifua, akaifumua yote, akakaa kwenye cherehani mpaka marinda yakalala sawasawa. Nikamwomba akimbie nasi kwa shangazi kule Oruro. Nikamwomba walau aiache mashine shuleni, tuokoe maisha yetu. Nilikuwa na hofu ya kweli, siwezi kuisema vinginevyo.

"Nikiwaachia mashine, nimesema mimi mwizi," akanijibu bila kuinua macho. "Halafu utaishi hapa unaitwa mtoto wa nani?"

Jumamosi akavaa sketi ya sanamu.

Akaifunga kompyuta mgongoni kwa mbeleko ya mistari, akaikaza kifuani kama anavyombeba mtoto. Mimi nikabeba kibodi na mfuko wa bisibisi, skrini tukaipakia kwenye mkokoteni, Yovana akausukuma huku akiwatolea ulimi waliotuchungulia. Uwanja ulikuwa umejaa. Wanawake walipoiona sketi, waligusana viwiko, maana waliijua.

Don Gumercindo alikuwa na kipaza sauti mdomoni ingawa alikuwa hatua chache kutoka kwetu. "Mama Saturnina! Mtaa unauliza, mashine hii umeitoa wapi?"

"Sokoni. Vipandevipande."

"Una shahidi?"

"Wewe una shahidi kwamba niliiba?"

Don Abdón akasogea, akaizunguka meza tuliyowekewa. "Za kwetu zilikuwa na rangi hiihii ya bati. Mimi nashauri ibaki hapa shuleni, uchunguzi ufanyike. Kama ni yake, atarudishiwa."

"Naam, ibaki!" wakasema wengi. Mtu nyuma akapiga kelele, "Na yeye abaki!" Palikuwa na kicheko ambacho hakikuwa cha kuchekesha.

"Haibaki," mama akasema. Kisha akanigeukia, na sauti yake ilikuwa ileile ya nyumbani, ya mezani kwetu. "Delmira. Wamesema ni ya wizi. Tunafanyaje?"

"Tunatazama ndani," nikasema.

"Basi fungua."

Skrubu ya kwanza niliizungusha kinyume. Ya pili ikatoka kwa shida. Baada ya hapo mikono ikaikumbuka kazi. Nilichomoa diski, nikachomoa vijiti, nikatoa waya, Yovana akavipanga juu ya mbeleko kwa utaratibu wetu. Kila mtu akasogea, hata waliokuja kutuzomea, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuona tumbo la kompyuta. Nikafungua feni. Nikaingiza kidole, nikageuza chuma cha kupozea juani, na pale pale nilipopajua pakawa na vipande viwili vya karatasi vilivyoganda kwenye madoa ya kahawia.

Nikakaribia kusahau kwamba mimi ni mtoto. "Doña Hortensia!" nikaita. "Njoo uone mali yako."

"Mali yangu gani? We mtoto, usinitie kwenye mambo yenu."

"Njoo tu."

Akaja kwa kiburi, akainama. Akanyoosha miwani. Watu wakamwona akivuta pumzi.

"Hiyo ni nini, jirani?" mama akamuuliza.

Yovana akamjibia, kwa sauti ya kusikika mpaka mtaa wa pili: "Ni saba! Saba nyekundu ya kalenda yake! Mama aliimwagia bia siku ya challa, tukaiogesha na mswaki! Bado inanuka, nuseni!"

Mzee mmoja akanusa kweli. "Bia," akathibitisha, na nafikiri aliihuzunikia.

Uwanja ukaanza kuvuma. Kila mwanamke pale aliikumbuka Kanivali ile, kila mmoja alikuwa amezichana tarehe kutoka kichwani. Mama akangoja wamalize. Kisha akamuuliza Don Abdón, kwa adabu yote, kompyuta za shule zilifika lini.

"Mei," akasema Don Abdón.

"Kwenye maboksi?"

"Kwenye maboksi. Yamefungwa."

"Na Kanivali ilikuwa Februari," mama akasema. "Basi Hortensia atuambie aliingiaje kwenye maboksi yenu na mashine yake ya kutobolea."

Kicheko cha safari hii kilikuwa cha kweli, na kilimwangukia mwingine. Don Gumercindo akakohoa kwenye kipaza sauti. "Haya, haya. Jambo limeeleweka. Mama Saturnina, kusanya vitu vyako uende nyumbani. Majirani, ajenda inayofuata, bomba la maji..."

"Haondoki mtu," mama akasema.

Hakupaza sauti. Alisimama katikati na sketi ile ya sanamu ikipeperuka marinda. "Nimekuja hapa na kompyuta. Siondoki na vipande. Mmenifanya nifungue, mtakaa mpaka wanangu wafunge."

"Mama, upepo huu..." mwenyekiti akaanza.

"Upepo huu ulikuwepo wakati mnanitundika. Kaeni."

Wakakaa. Naapa, wakakaa, wanaume na makoti yao. Mama akachukua kikombe tulichotia skrubu, akamwekea Doña Hortensia mkononi. "Shika hapa, jirani. Shika vizuri. Zikirudi pungufu, nitajua nani wa kumtundika."

Na Hortensia akashika. Kila nilipohitaji skrubu nilinyoosha mkono bila kumtazama, naye akanipa, moja moja, vidole vyake vimekuwa vyekundu kwa baridi. Sikumhurumia. Sijamhurumia mpaka leo.

Tukavuta waya kutoka darasani. Nikabonyeza. Bodi ikalia, lakini kwa kirefu, mlio mrefu wa kuchosha, na skrini ikabaki nyeusi. Watu wakaguna. Nikasikia mtu akisema, "Si mnaona? Hawajui kitu." Damu yote ikanipanda usoni. Nikamtazama mama, na mbele ya mtaa mzima, mbele ya mwalimu mkuu na mwenyekiti, mama akauliza kwa sauti kubwa:

"Mimi nimesahau. Mlio mrefu maana yake nini?"

Alijua. Alijua kabisa. Lakini aliuliza, kama kutojua si aibu, na ile aibu yangu ikakosa mahali pa kukaa, ikaondoka.

"Vijiti havijakaa," nikasema.

"Basi vikalishe."

Vidole vilikuwa vimeganda, sikuwa nimebonyeza vya kutosha. Nikabonyeza mpaka pakalia tak, pande zote mbili. Yovana akaomba awashe yeye. Ikalia mara moja, kwa kifupi, na skrini ikawaka bluu mchana kweupe.

Wengine wakapiga makofi. Mama akawageukia. "Msinipigie makofi. Sikuja kucheza ngoma." Akaikung'uta mbeleko, akachukua kikombe kutoka kwa Hortensia, akachungulia ndani, akatikisa kichwa kuridhika.

Don Gumercindo akamsogelea. Kipaza sauti kilikuwa kinaning'inia kwenye kifundo cha mkono wake. Akainama karibu na sikio la mama, akanong'ona, mimi nilisikia kwa kuwa nilikuwa nimesimama katikati yao. "Tusamehe, Mama Saturnina. Tulikosea."

Hiki ndicho tulichojifunza, kama bado mnauliza, na mama ndiye aliyekisema, huku akiifunga kompyuta yake mgongoni na kukaza fundo kifuani:

"Uliponitangaza barabara nzima ulitumia hicho ulichoshika mkononi. Kitumie. Anzia kona ya sanamu, na jina langu ulirudie kila baada ya nyumba tatu."

Akapita mbele, sisi nyuma yake na mkokoteni. Hatukuwa tumefika getini tulipokisikia kipaza sauti kikikwaruza, kikawaka, na mwanamume mzima akisafisha koo.